Michoro mipya ya kutarizi

Habari zenu wapendwa. Kwa waliochoka na maua na vikapu, anzeni na Sublime Stitching, kampuni aliyoianzisha Jenny Hart mwaka 2001 huko Marekani. Wana mafuvu, maroboti, vitu vya kuchangamsha kweli! Michoro yao huhamia kwenye kitambaa kwa pasi ya moto. Ila mistari hiyo haifutiki kirahisi, kwa hiyo uzi lazima uifunike yote.

Mkinunua pakiti kamili, yaani yenye mchoro, kitambaa na uzi pamoja, someni maelezo kwanza. Nyingi ni za mshono wa msalaba wa kuhesabu, yaani kushona alama za X kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, na sisi tunataka kutarizi kwa mkono huru, yaani kufuata mistari ya mchoro bila kuhesabu. Michoro ya watoto nayo inafaa mno, mimi naipenda kuliko yote. Tumeni picha za mlichopata.