Mwanangu, kabla hujaenda Handeni nijibu hili moja

Mwanangu mpendwa,

Nimeliona tangazo lenu kwenye grupu la ukoo, lile lenye picha yako umevaa koti jeupe na maandishi makubwa "Madaktari wetu waenda Handeni", na chini namba ya kutuma mchango. Sijajibu kule kwa sababu yapo mambo ya mama na mtoto hayasemwi mbele za watu. Swali langu ni moja na utaliona humu ndani linarudi mpaka unijibu: mkishaondoka, wale wagonjwa wanabaki na nani?

Usianze kusema mama hataki nimtumikie Mungu. Nataka sana, hilo nimeliombea toka uko tumboni. Ila mi ni nesi, nimekaa vituo vya vijijini na unavijua vyote, na hizi safari za misheni za wiki mbili, za kutibu na kuhubiri pamoja na wageni, nimeziona nikiwa upande wa wanaobaki. We saivi unaingia upande wa wanaokuja na kuondoka, na huko mambo yanaonekana mazuri kuliko yalivyo.

Kwanza we sio daktari bado. Uko mwaka wa tatu. Najua tangazo imetengeneza kamati, lakini picha ni yako, uliiona ukanyamaza, na ukaiweka na stetasi. Bibi wa kule kijijini akishaona koti jeupe na stethoskopu shingoni haulizi uko mwaka wa ngapi, anakaa chini anakueleza mpaka ya chumbani. Na nasikia kati ya wageni wa Marekani mnaokwenda nao wapo vijana wa chuo ambao hata udaktari hawajaanza kuusoma, wanakuja "kusaidia upande wa afya". Kwao hawaruhusiwi kumchoma mtu sindano, sasa kwa nini waruhusiwe kumchoma mtu wa kwetu? Kule Jinja, Uganda, alikuwepo dada Mmarekani aliyekuja kwa wito kabisa, kijana mdogo, akaanzisha kituo cha kulea watoto wenye utapiamlo, hakusomea udaktari wala uuguzi, na watoto wengi wakafia pale. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa wakaenda mahakamani, mwaka 2020 ikaisha kwa makubaliano. Sisemi alikuwa na roho mbaya, nadhani aliwapenda wale watoto. Ndo maana nakuandikia wewe, kwa sababu najua na wewe unapenda watu na unaweza ukajikuta umeshika kitu ambacho hujafundishwa kukishika, na watu wote wamesimama wanakuangalia wanakusifu.

Ukiambiwa shona, choma, toa jino, na hujasimamiwa na daktari mwenye usajili, kataa. Sema hapana hata kama mchungaji yupo.

Alafu hili la presha ndo linaninyima usingizi, maana nimeona kwenye ratiba mmeandika "kupima presha na sukari bure". Kuna mwaka walikuja wageni kwenye zahanati niliyokuwepo, watu wema kweli, wakapima kijiji kizima. Mama mmoja mtu mzima ilisoma 190 kwa 110, wakampa amlodipini, vidonge vya presha, za mwezi kwenye bahasha ya kaki, wakamshika mikono wakamwombea, akaondoka anacheka. Mwezi ukaisha. Akaja kwangu, ile bahasha ameikunja ikawa ndogo kama stempu, ameifunga kwenye pindo la kanga, akaifungua taratibu akanionyesha kwamba haina kitu, akaniambia nesi niongezee zile za wageni. Sina. Zahanati haikuwa na kidonge hata kimoja cha presha, na hao wageni hawakuacha daftari wala kadi inayoonyesha nani kapewa nini na kwa kipimo gani, nikawa naangalia bahasha iliyoandikwa Kiingereza kwa peni, mwandiko hata hausomeki. Nikamwandikia rufaa ya wilayani, akaenda mara moja, mara ya pili nauli ikakosekana. Akapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia. Presha ni ya maisha mwanangu, umesoma hilo darasani mwaka wa kwanza, sasa mnampimaje mtu ugonjwa wa maisha na dawa mmebeba za siku thelathini? Nani anabaki naye siku ya thelathini na moja?

Nakuuliza na habari ya hizo dawa zenyewe. Wageni wakija na masanduku ya dawa kibali cha TMDA, wale wanaodhibiti dawa, kipo? Madaktari wao wamesajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika? DMO, mganga mkuu wa wilaya ya Handeni, anajua mnakuja au atasikia kwenye kipaza sauti? Usinijibu "kamati inashughulikia". Kaangalie karatasi kwa macho yako, na kila kopo angalia tarehe ya kuisha kabla halijapakiwa, dawa ambayo huwezi kumpa baba yako usimpe baba wa mtu.

Mjomba wako kule ni mwinjilisti, na ndo atakayewapokea. Mwaka juzi ilikuja timu nyingine kutoka hapa Dar na wageni wao, wakapiga mkutano siku nne, jenereta, maspika, sinema usiku. Wakatangaza idadi kubwa ya waliookoka, picha zikaenda mpaka Marekani. Walipoondoka wakamwachia mjomba wako kaunta buku lenye majina, wakamwambia fuatilia. Baiskeli yake mnaijua hali yake. Akazunguka na lile daftari nyumba kwa nyumba, na akakuta majina mengi ni ya watoto walioandikwa na mwaka uliotangulia, wananyoosha mikono kila mwaka kwa sababu wakinyoosha wanapewa pipi na tisheti. Wengine ni washarika wake kabisa, amewabatiza mchungaji wake, yeye ndo aliwafundisha kipaimara. Na wengine hakuwakuta, walikuwa wapita njia wa mnadani. Nilipomuuliza kwa simu alikaa kimya muda mrefu alafu akasema dada, mimi sikatai wageni, ila wakiondoka watu wananiuliza mbona wewe huna pipi.

Na kuwalisha timu aliuza kuku. Hilo wala hakuniambia yeye, niliambiwa na mkewe.

Pia kule majirani zake wengi ni Waislamu, na wanaishi vizuri, wanazikana, wanaitana kwenye maulidi na kwenye Krismasi. Baba yako mdogo mwenyewe ni Muislamu na katuma elfu ishirini kwenye mchango wenu, je uliliona hilo? Sasa ole wenu mtu apande jukwaani na kipaza sauti aanze kusema dini za watu. Nyie Jumapili mnapanda Coaster mnarudi Dar, mjomba wako Jumatatu asubuhi anakwenda kuchota maji kisima kilekile na wale waliotukaniwa dini yao. Anabaki yeye.

Kuna jambo mchungaji mmoja alitueleza kwenye semina ya akina mama na likanikaa. Baada ya kile kimbunga Mitch cha mwaka 1998 kule Honduras, makanisa ya Marekani na Kanada yalipeleka vijana kujenga nyumba. Profesa mmoja, Kurt Ver Beek, ambaye anaishi kulekule, akaja kupiga hesabu: timu moja ya wageni ikijumlisha nauli na gharama zote inatumia kama dola 30,000 kujenga nyumba ambayo shirika la palepale Honduras linaijenga kwa dola 2,000. Akaenda na kwa familia zenyewe, waliojengewa na wageni na waliojengewa na watu wa kwao, hakukuta tofauti ya maana, kumbe wengi wao walisema bora zile hela zingejenga nyumba nyingi zaidi. Na vijana waliosafiri walisema maisha yao yamebadilika, ila ukiangalia utoaji wao baadaye, ulibadilika kidogo sana. Sasa mi nikachukua bajeti yenu mliyoweka kwenye grupu nikapiga hesabu mezani na baba yako. Coaster, mafuta, tisheti za rangi mbili, hoteli ya wageni pale mjini Handeni maana hawalali kijijini, kibao cha kitambaa, mpiga picha. Mpiga picha mwanangu! Kwa hela ya tisheti peke yake zahanati ya kule mnakokwenda ingekuwa na dawa za presha kwa wale wazee mpaka mwakani. Nakuomba uilete hiyo hoja kwenye kikao, hata kama watakuona mkorofi.

Najua utaniambia bila wamisionari hata sisi tusingekuwa Wakristo. Kweli. Ila angalia walivyokuja. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mkewe na mtoto wake mchanga wakafa kwa homa muda mfupi baada ya kufika, akawazika hapo na akabaki, akakaa akijifunza lugha mpaka akaandika kamusi ya Kiswahili. Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, nenda kasome umri ulioandikwa kwenye yale makaburi yao, vijana kama wewe. Walikuwa na makosa yao, mengine makubwa, waliwadharau wazee wetu na ngoma zao na walikwenda pamoja na wakoloni, hayo nayajua. Lakini walikula kinacholiwa na wakaugua kinachouguliwa. Na Paulo, Korintho alikaa mwaka 1 na miezi 6, Efeso miaka 3, soma Matendo 18 na 20. Thesalonike alikaa muda mfupi akafukuzwa, na ukisoma barua zake kwa wale watu unaona moyo unavyomuuma kwamba aliwaacha, akamtuma Timotheo arudi kuwaangalia. Yesu naye alipowatuma wale sabini aliwaambia "kaeni katika nyumba iyo hiyo", mle mnachopewa, msihamehame. Hakuna mahali aliposema mlale hoteli.

Sikwambii usiende. Baba yako alitaka nikwambie usiende, mi nikakataa. Nataka uende kwa namna nyingine. Kila utakayempima presha au sukari mwandike kwenye daftari, jina, kitongoji, kipimo, dawa, na siku ya mwisho lile daftari ulikabidhi kwa nesi wa zahanati mkononi, sio kwa mwenyekiti wa timu. Yule nesi akae meza moja na nyie toka siku ya kwanza, na wagonjwa wamuone kwamba yeye ndo mwenye kazi na nyie ni wasaidizi. Dawa zikibaki ziingie kwenye stoo ya zahanati kwa maandishi. Na timu ikirudi we baki. Una likizo mpaka Oktoba, kaa kwa mjomba wako hata mwezi mmoja, lala kwake, zunguka naye na lile daftari lake la majina, uone mwenyewe siku ya thelathini na moja ikoje. Hela ya kula nitakutumia, mjomba asiuze kuku tena.

Picha za watoto usipige. Mtoto ana kamasi na nguo imechanika, umembeba, unatabasamu, mama yake yuko shambani hajui, watu elfu wanaandika Amen. Ungekuwa wewe ndo yule mtoto ningeudhika sana. Mathayo 6 unaijua kwa kichwa, mkono wa kushoto usijue.

Na niseme na hili, kwa sababu baba yako anasema nimekuandikia kama nakugombeza. Niliposikia kwamba wageni watahubiri na wewe ndo mkalimani wao nilikaa kwenye kochi nikalia. Kile Kiingereza tulikilipia kwa shida unazozijua. Ukitafsiri, tafsiri na yale ambayo wazee watasema kuwaambia wageni, usiyalainishe. Bibi akisema "mwaka jana mlituahidi kisima" mwambie mgeni hivohivo, ahadi ya kisima, na umuache ajibu.

Haya. Koti la baridi chukua, Julai kule usiku kunapiga, na chandarua chukua cha kwako usitegemee cha mtu. Baba yako dawa zake zinaisha wiki ijayo, zile za duka la dawa la karibu na kituo wamepandisha bei, pitia kule unakochukuaga ulete mbili. Mdogo wako karudishwa nyumbani na shule kwa ajili ya mchango wa mitihani, nimelipa nusu, na luku nimeweka ya elfu kumi ila friji ile inakula sana, fundi alisema ni raba ya mlango. Shangazi yako kitchen party ya binti yake imesogezwa mpaka Agosti, kwa hiyo ukibaki kwa mjomba hutaikosa kwa kisingizio chochote, sare ni kitenge cha kijani nimeshakukatia.

Nguo za kumpelekea mke wa mjomba ziko kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya mlango, na vidonge vyangu vya maumivu ya mgongo usimpe, anavipenda ila vinamuumiza tumbo. Mjomba mpigie leo, kabla ya saa mbili usiku, baada ya hapo anazima simu kutunza chaji. Muulize yeye mwenyewe anataka mje na nini, na mwezi gani ungemfaa kubaki naye, alafu na mimi unijibu lile swali langu.

Mama yako