Masomo ya chuo bila ada yawafikie watoto wote wa sekondari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi wenzangu tunaoishi Minnesota, na hasa wakuu wa shule za sekondari wanakosoma watoto wetu.

Tangu mwaka 1985 jimbo hili lina sheria inayomruhusu mwanafunzi wa gredi ya 11 na ya 12, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kusoma chuoni kabla hajamaliza sekondari. Ndilo jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya namna hiyo, na mpango wenyewe unaitwa PSEO (Postsecondary Enrollment Options). Mzazi halipi ada wala vitabu. Somo moja linahesabiwa pande mbili: linamsaidia mtoto kumaliza sekondari na papo hapo linampa krediti za chuo, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada. Mwenye bidii anaweza kuhitimu sekondari akiwa amekwisha kumaliza mwaka mzima wa chuo, hata miwili.

Lakini wazazi wengi ninaozungumza nao kanisani huisikia PSEO mara ya kwanza mtoto akishahitimu, wakati tumeshaitana harambee ya kumchangia karo. Inaniuma sana. Tunatoa pesa za zamu za usiku kulipia masomo ambayo mtoto yule alikuwa na haki ya kuyapata bure mwaka uliotangulia.

Sheria inazitaka shule ziwape wanafunzi habari za mpango huu, na shule hutoa. Ila habari yenyewe ni ukurasa wa tovuti au barua pepe ya Kiingereza inayomfikia mama aliyetoka kazini alfajiri. Aliyekulia Kisii au Bukavu anajua chuo huja baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Hana sababu ya kuuliza kama hapa kuna njia nyingine. Wazazi waliosoma hapa wao huambiana. Katika mwaka wa masomo 2022–23, wanafunzi wa sekondari wapatao milioni 2.5 kote Marekani walisoma angalau somo moja la chuo, na watoto Weusi na wa Kilatino walikuwa wachache kuliko sehemu yao katika shule. Sikubali kwamba tofauti hiyo ni ya akili.

Yako pia masharti ya kuingia. Vyuo hutazama wastani wa alama au nafasi ya mtoto kati ya wenzake. Sasa mchukue kijana aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akaanza gredi ya 9 hapa. Mwaka ule wa kwanza alikuwa anahangaika na Kiingereza, na alama zake zinaonyesha Kiingereza chake kilivyokuwa, hata katika hesabu anazozijua vizuri. Miaka miwili baadaye alama zilezile zinamshusha wastani. Naviomba vyuo vitazame amepanda kiasi gani tangu siku alipofika, na vipokee ushuhuda wa mwalimu wake.

Nauli ni kikwazo kingine. Familia za kipato cha chini zinaweza kuomba kurudishiwa gharama ya usafiri, lakini fedha hiyo haileti basi mahali ambapo hakuna basi, wala haimsaidii mtoto anayetakiwa kumpokea mdogo wake saa tisa alasiri. Ndiyo maana nasisitiza darasa la chuo lifundishwe ndani ya sekondari yenyewe, kama shule nyingi za hapa zinavyofanya tayari kwa ushirikiano na vyuo. Shida ni walimu. Kwa kawaida chuo kinataka mwalimu wa darasa hilo awe na shahada ya uzamili katika somo lake, na shule za mitaa yenye kipato kidogo huwapata walimu hao kwa taabu. Jimbo liwalipie walimu wa shule hizo masomo ya uzamili. Nikiambiwa nichague jambo moja la kutengewa bajeti, nitachagua hilo.

Wazazi nao wasiwasukume watoto kwa sababu tu ni bure. Alama za masomo haya zinaandikwa kwenye rekodi ya kudumu ya chuo. Mtoto akianguka, alama hiyo itakwenda naye, na inaweza kumletea matatizo atakapoomba msaada wa fedha baadaye. Anayeanza aanze na somo moja au mawili, na shule imwekee mtu wa kumfuatilia kila wiki.

Wakuu wa shule, tuiteni kwenye kikao kabla watoto hawajachagua masomo ya mwaka ujao, Jumamosi, pakiwa na wakalimani wa Kiswahili, Kisomali na Kihmong. Waiteni hata wazazi wa gredi ya 8 na ya 9, maana alama zinazohesabiwa huanza kukusanywa mapema. Nanyi wazazi, mwanafunzi anayetaka kuanza chuo msimu wa vuli hutakiwa kuijulisha shule yake kufikia Mei 30. Nendeni kwa kaunsela pamoja na mtoto kabla ya tarehe hiyo, na mkishindwa na fomu, sisi tuliokwisha kuzijaza tupo.

Mzazi,
Brooklyn Park, Minnesota