Nikaha ya wakili na udhamini wa mke kwenda Kanada

Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita msomaji mmoja alilalamika kwamba serikali ya Kanada inaidharau ndoa ya Kiislamu, kwa sababu binti wa jirani yake, aliyeozwa na walii wake mbele ya mashahidi wawili, amenyimwa ukaazi wa kudumu licha ya mumewe kumdhamini. Naomba nafasi nimjibu. Sina nia ya kuitetea serikali ya watu, ila lawama hiyo ikiachwa ilivyo, wazazi wengine wataendelea kuozesha mabinti zao kwa njia ileile na kuletewa jibu lilelile.

Nikaha ya binti huyo haikukataliwa kwa kuwa ni ya Kiislamu. Cheti kinachotolewa na kadhi, au na sheikh au imamu aliyeidhinishwa na Msajili wa Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ni cheti cha serikali ya Kenya kama cha kanisani au cha bomani, na Kanada inachotaka kwanza ni ndoa iwe halali pale ilipofungwa na iwe halali kwa sheria zake pia. Kilichomponza binti ni jambo ambalo msomaji wenu alilitaja kwa kupita tu, kwamba siku ya nikaha bwana harusi alikuwa Edmonton, huko Kanada, na aliyetamka “nimekubali” msikitini ni ami yake, akiwa wakili wake, yaani mwakilishi wa kuipokea nikaha kwa niaba yake. Tangu tarehe 11 Juni 2015 kanuni za uhamiaji za Kanada zinasema kwamba mume au mke hahesabiwi kuwa mwenzi wa kudhaminiwa ikiwa mmoja wao, au wote wawili, hawakuwapo kwa miili yao wakati ndoa ilipokuwa ikifungwa, iwe walifunga kwa wakili, kwa simu au kwa intaneti. Aliyesazwa ni mwanajeshi wa Kanada tu, ambaye kazi yake ya jeshi ndiyo iliyomzuia kuhudhuria. Serikali hiyo ilieleza kuwa inataka kuwakinga wanawake wanaoozwa kwa nguvu. Mtu anaweza kubisha kama kanuni hii inamkinga yeyote, na mimi ni miongoni mwa wanaobisha, lakini ubishi wetu haubadilishi chochote kwenye dawati la afisa anayelisoma ombi.

Nimewasaidia watu wengi wa Mji wa Kale kupanga karatasi zao, na vyeti vya namna hiyo nimevishika mkononi. Mahali pa saini ya mume pana saini ya mtu mwingine, na pembeni yake neno “wakili” kwa kalamu ya wino. Baadhi ya familia huongeza na picha: simu imeegemezwa kwenye mto mbele ya sheikh, uso wa bwana harusi umeganda kwenye kioo kwa sababu ya intaneti mbovu, na wazee wameinama kumsikiliza. Huziambatisha picha hizo kwa furaha, wakiamini ni ushahidi wa ndoa ya kweli, kumbe ndizo zinazomwonyesha afisa kwamba mume hakuwapo.

Niseme pia kwamba nikaha ya simu hata kwetu haikupokewa kirahisi. Mwaka 1990 Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, iliruhusu mikataba ya biashara ifungwe kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano, lakini ikaitoa nikaha kwa sababu ya sharti la mashahidi. Ndiyo maana familia nyingi zenye tahadhari humchagua wakili wa papo hapo, jambo ambalo sheria yetu ya dini inaliruhusu bila shaka. Kwa Mwenyezi Mungu binti huyo ni mke wa mtu. Kwa kanuni za udhamini za Kanada bado si mwenzi, na mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Mkanganyiko mwingi unatokana na ushauri wa jamaa walio katika nchi nyingine. Aliye Minneapolis atakwambia kuwa shemeji yake aliolewa kwa wakili na akapata karatasi zake, na hasemi uongo, kwa kuwa sheria ya Marekani huikubali ndoa ya aina hiyo endapo mume na mke walikutana kimwili baada ya nikaha. Aliye London naye atasema halikuwa tatizo, kwa kuwa Uingereza huanza kwa kuuliza kama ndoa ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kanada haina mlango wowote kati ya hiyo miwili: mume akija mwezi wa pili na kukaa na mkewe majira mazima, nikaha iliyofungwa akiwa hayupo inabaki vilevile machoni pao. Kisha, tofauti na Marekani, Kanada haina daraja la mchumba, yaani kundi la kumdhamini mtu kabla ya kufunga naye ndoa. Daraja hilo liliondoka pale sheria ya sasa ya uhamiaji ilipoanza kutumika tarehe 28 Juni 2002, na nadhani hapo ndipo haraka yote inapozaliwa. Familia inaambiwa kuwa bila cheti cha ndoa hakuna ombi, likizo ya kijana haijapatikana, na nauli ya kutoka kule hadi hapa ni mshahara wa miezi kadhaa kwa anayefanya kazi ya ghala au ya kuendesha teksi. Wakili anaonekana ni nafuu.

Unafuu huo lakini una gharama. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 30 Aprili 2024, ombi la kumdhamini mwenzi lilikuwa likilipiwa dola 1,205 za Kanada, na alama za vidole zikilipiwa mbali. Likikataliwa, hurudi ada ya ukaazi tu, nyingine zimekwenda. Mdhamini aliye Kanada huku mkewe akiwa nje ana siku 30 za kukata rufaa katika Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, ila kifungu cha 65 cha sheria ya uhamiaji kinakizuia kitengo hicho kupima sababu za kibinadamu pale ambapo anayedhaminiwa hahesabiwi kuwa wa daraja la familia, yaani jamaa wanaoweza kudhaminiwa, na mke wa nikaha ya wakili yumo hasa miongoni mwa hao wasiohesabiwa. Hata akiwa mjamzito, hata akiwa na mtoto mchanga mapajani, waamuzi wa rufaa hawana ruhusa ya kuingia huko. Hubaki kumwomba waziri msamaha maalumu kwa misingi ya kibinadamu, ombi ambalo afisa ana hiari ya kulikubali au kulikataa.

Kuna swali moja ambalo wazazi wa Mombasa, Lamu na Unguja wana haki ya kuliuliza. Kwetu bwana harusi huozwa msikitini, na bibi harusi yuko nyumbani na wanawake wenzake, baada ya kutakwa idhini yake. Je, huyo naye hakuwapo? Kanuni inazungumzia kuwapo kwa mwili wakati wa sherehe, haikutaja chumba wala pazia. Mimi siwaachii maafisa nafasi ya kukisia. Huzishauri familia nikaha ifungiwe nyumbani kwa bibi harusi, yeye akiwa chumba cha pili, kadhi aende kumsikiliza mbele ya mashahidi, na mume na mke watie saini zao kwenye daftari siku hiyohiyo. Dini haipungukiwi na kitu kwa mpango huo, na mabibi harusi wengi ninaowafahamu wanaupendelea.

Kwa walioozana tayari kwa wakili, njia iliyo wazi zaidi ni mume kusafiri na nikaha ifungwe upya wote wawili wakiwapo. Masheikh niliowauliza hawakuona kizuizi katika kujadidi nikaha, lakini kadhi aonwe mapema kuhusu cheti cha kwanza, ili zisizuke karatasi mbili zinazopingana. Ndoa ya kwanza isifichwe katika fomu, kwani kutoa maelezo ya uongo kunamfungia mtu mlango wa Kanada kwa miaka mitano. Kuna na njia ya kuhesabiwa wenzi kwa kuishi pamoja mwaka mzima mfululizo, ila kijana mwenye ajira huko ataupata wapi mwaka huo?

Maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwa makadhi na maimamu wanaofungisha ndoa: mnapoletewa wakili wa bwana harusi aliye ng'ambo, muulizeni huyo bwana harusi yuko nchi gani na kama anakusudia kumdhamini mkewe. Akijibu Kanada, posa na ipokelewe, mahari yapangwe, hata tarehe iwekwe, lakini nikaha imsubiri mwenyewe. La pili ni kwa ubalozi wa Kanada ulioko Nairobi, ambao maelezo yake kwa waombaji ni ya Kiingereza na Kifaransa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu kanuni hii, ukibandikwa katika ofisi za makadhi wa pwani, haungewagharimu chochote cha maana.

Msomaji wenu amwambie jirani yake asikimbilie kwa mawakala wa safari wanaoahidi kulifufua ombi lilelile. Kijana akate tikiti, aje.

Wenu,
Msomaji wa Mji wa Kale, Mombasa