Mali ya waliopotea baharini ipate msimamizi

Mhariri,

Nimesoma habari za mbunge wa Uingereza aliyeihoji serikali yake kuhusu mali ya watu waliopotea. Sisi wa Lamu latugusa sana jambo hili, kwani kusi ikivuma mvuvi hutoka alfajiri asirudi, wala maiti isionekane.

Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya humhesabu mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka 7. Pasipo ushahidi mwingine, mkewe hungoja. Mashua yaoza ufuoni, pesa zimo benki lakini hazigusiki, na karo yadaiwa kila muhula. Mama huyu si mjane, na mume hana. Kule Uingereza na Wales, tangu 2019, baada ya siku 90 jamaa waweza kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali bila kutangaza kifo.

Naomba wabunge wetu walete mswada kama huo. Kwa sasa, machifu na kamati za wavuvi waandikishe siku ile ile mtu anapopotea, na familia ipewe nakala.

Msomaji,
Mkomani, Lamu