Shule na Bei ya Nyumba: Barua kwa Kaka kutoka Philadelphia

Philadelphia, Novemba

Kaka Omari, shikamoo.

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, baridi ndiyo imeanza kung'ata na watoto wameshatoa makoti yao. Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwenye basi nikitoka kazini, mara ya pili nyumbani shemeji yako akiwa amelala. Nikaona maswali yako hayajibiki kwa sauti ya dakika mbili. Ndiyo maana naandika.

Umesema walimu wenzako hawakuamini ulipowaambia kwamba shule za Marekani hurudisha watoto nyumbani kwa sababu ya joto. Ni kweli, kaka. Shule zikifunguliwa mwishoni mwa Agosti, jua la hapa halina tofauti na la Tanga mwezi wa pili, na siku za joto kali makumi ya shule za serikali za jiji hili huwaachia watoto kabla ya muda kwa kuwa majengo hayana viyoyozi vya kutosha. Majengo yenyewe ni ya kale, wastani wa umri wake ni zaidi ya miaka 70. Yana kuta nene na madirisha marefu, ukiyatazama kwa nje unayapenda, lakini nyaya zake za umeme hazikuwekwa kwa kubeba kiyoyozi kila darasa. Ukitaka viyoyozi, mara nyingi itabidi kwanza ufumue umeme wa jengo.

Joto angalau linaonekana. Kinachonitisha mimi ni asbesto iliyofungwa kwenye mabomba na dari tangu enzi hizo. Ikichakaa hutoa nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni, mtu akizivuta zinaweza kumletea saratani miaka mingi baadaye. Tangu 2019 shule kadhaa hapa zimefungwa ghafla katikati ya mwaka baada ya nyuzi hizo kugundulika, watoto wakahamishiwa majengo mengine au kusomea kwenye kompyuta. Juni 2025 serikali kuu iliishtaki wilaya ya shule ya Philadelphia kwa makosa ya jinai ya kutokagua asbesto kwa wakati. Wakakubaliana mashtaka yasimamishwe kwa masharti kwamba ukaguzi ufanyike chini ya uangalizi. Wilaya nayo ina haki ya kuuliza: fedha za kutengeneza majengo yote hayo zitoke wapi?

Hapo ndipo ulipo mzizi, na hapo ndipo ugomvi wangu na shemeji yako ulipoanzia. Nivumilie nikueleze taratibu.

Ninaposema wilaya ya shule usifikirie wilaya kama Muheza. Huku ni chombo kinachojitegemea, kina bodi yake, bajeti yake, na chenyewe ndicho kinachoajiri walimu na kuwalipa. Jimbo hili la Pennsylvania lina wilaya za namna hiyo 500. Jimbo huchangia chini ya nusu ya fedha zinazotumika mashuleni, serikali kuu hutia sehemu ndogo, na kilichobaki hutafutwa palepale mtaani, zaidi kwa kodi ya majengo. Wewe kodi ya majengo unakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, kiasi kidogo tu kwa mwezi, inaingia serikalini na huioni tena. Mshahara wako unatoka Hazina, na mwalimu wa daraja lako aliyeko Oysterbay kwa matajiri analipwa kiwango kilekile unacholipwa wewe. Kaka, huku sivyo hata kidogo. Mtaa wenye nyumba za bei kubwa hukusanya fedha nyingi kwa kodi ndogo, na mwalimu wa huko analipwa vizuri. Mtaa wa nyumba duni unaweza kujikamua hata ukatoza kiwango kikubwa zaidi, na bado ukapata kidogo. Mtoto anasoma kwa kadiri ya bei ya mapaa yanayomzunguka.

Philadelphia ina dhiki ya ziada. Katika wilaya zote 500, ndiyo pekee ambayo bodi yake haina mamlaka ya kutoza kodi. Lazima iombe jijini na iombe kwenye bunge la jimbo. Zaidi ya nusu ya kodi ya majengo ya jiji huenda shuleni, lakini jiji lina maskini wengi na halifiki. Mwaka 2014 ilibidi bunge la jimbo liruhusu jiji litoze dola 2 kwa kila pakiti ya sigara ili shule ziweze kufunguliwa. Nilipoambiwa hayo mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya: mwalimu wa hesabu anategemea watu wavute sigara.

Sasa sikia kuhusu barabara. Iko moja inaitwa City Avenue, ndiyo mpaka wa jiji upande wa magharibi. Sisi tunakaa upande wa Overbrook. Ukivuka taa za barabarani umeingia wilaya ya Lower Merion, ambayo hutumia kwa kila mtoto maelfu ya dola zaidi ya Philadelphia. Wanao Rukia na Idi wanawajua Will Smith, yule mwigizaji, na Kobe Bryant wa mpira wa kikapu. Will Smith alisoma Overbrook High, upande wetu. Kobe alisoma Lower Merion High, upande wa pili. Siku moja nilimpeleka Idi kwa basi akaone shule ya Kobe, akashika uzio akatazama viwanja vile vya majani, kisha akaniuliza, "Mama, hawa wanasoma nchi nyingine?" Nilimwambia hapana, ni hapahapa. Sikuwa na neno la kuongeza.

Shemeji yako anataka tuvuke. Mkataba wetu wa pango unaisha mwezi wa tatu, naye ameshaona chumba na sebule upande ule. Pango lake litameza karibu mshahara wangu wote wa kwenye nyumba ya wazee, na watu wanne tutabanana kweli. Yeye anasema wazazi huhama kwa ajili ya watoto, na kwamba sisi wenyewe tulivuka bahari kwa ajili hiyo, itakuwaje tushindwe kuvuka barabara. Hilo neno lake ni zito, sikulipuuza.

Lakini nimekaa hapa muda wa kutosha kusikia historia kutoka kwa majirani, na historia hiyo inanifunga miguu. Desemba 2001 jimbo liliinyang'anya Philadelphia shule zake, likaweka tume ya watu watano, watatu wakiteuliwa na gavana na wawili na meya. Tume hiyo ilikaa zaidi ya miaka 16. Ni Julai 2018 tu ndipo ilipokuja bodi ya watu tisa wanaoteuliwa na meya. Mwaka 2011 fedha za dharura za serikali kuu ziliisha, na jimbo nalo likapunguza fedha za elimu kwa karibu dola bilioni 1. Mwaka 2013 tume ikapiga kura kufunga shule zaidi ya 20 kwa mkupuo, na watumishi wapatao 3,800 wakapewa barua za kuachishwa kazi, wakiwemo washauri wa wanafunzi na walimu wakuu wasaidizi. Germantown High ilifungwa ikiwa imebakiza mwaka mmoja kutimiza miaka 100. Mama mmoja jirani yetu, mtu mzima wa makamo ya mama, alisoma pale, na mumewe, na wanawe wote. Ananisimulia kama mtu anayesimulia msiba.

Wenye uwezo waliondoka. Wengine walivuka City Avenue, wengine wakapeleka watoto shule za chata, yaani shule zinazoendeshwa na watu binafsi kwa fedha za umma. Sheria yake ilipitishwa 1997, na leo karibu theluthi moja ya watoto wa shule za umma wa jiji hili wako huko. Sizilaumu, zimo nzuri. Ila mtoto anapoondoka fedha yake huondoka naye, na lile jengo kuukuu linabaki na paa lilelile linalovuja na watoto wachache zaidi. Sasa kuna makumi ya maelfu ya viti vitupu, na mazungumzo ya kufunga majengo yamerudi.

Kuna jambo lililonipa moyo, na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa hesabu nataka ulisikie. Mwaka 2014 wilaya sita maskini za jimbo hili, pamoja na wazazi, wakiwemo wa Philadelphia, walifungua kesi kudai kwamba mfumo huu wa fedha unavunja katiba ya Pennsylvania, inayolitaka bunge litoe elimu ya umma iliyo kamili na yenye ufanisi. Miaka ikapita wakibishana kama mahakama ina haki hata ya kuisikiliza. Mwishowe ikasikilizwa kuanzia Novemba 2021, kwa miezi kama minne. Humo ndani wakili wa kiongozi wa Seneti ya jimbo alimuuliza shahidi, mtu anayeelekea kufanya kazi McDonald's ana haja gani na aljebra. Kaka, nilipoisoma habari ile nilikaa kitako. Nilikumbuka wewe ulivyokuwa ukitufundisha mlinganyo kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza, na hakuna aliyekuuliza tutakuja kufanya kazi gani.

Tarehe 7 Februari 2023 Jaji Renée Cohn Jubelirer alitoa hukumu yenye kurasa 786: mfumo unavunja katiba, na watoto wa wilaya maskini wamenyimwa haki yao. Viongozi wa bunge hawakukata rufaa. Mwaka uliofuata jimbo likakubali kwamba pengo ni mabilioni ya dola, likaanza kuliziba kwa karibu dola milioni 500 za mwaka wa kwanza. Mwendo ni wa kobe, maana pengo limepangwa kuzibwa kwa miaka mingi, na Rukia yuko darasa la nane sasa hivi. Fedha za Korona, zaidi ya dola bilioni 1 kwa jiji hili peke yake, nazo zimeshaisha. Hata hivyo ile hukumu ipo, imeandikwa, na walioileta ni watu waliobaki mahali pao na kudai.

Usije ukadhani watoto wanateseka tu. Kila mtoto wa shule za wilaya hapa hupata kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, hakuna anayeulizwa mzazi wake anapata kiasi gani. Hakuna shule ya umma inayoweza kumkataa mtoto kwa kukosa karatasi za uhamiaji; Mahakama ya Juu ya nchi iliamua hivyo tangu 1982. Mwalimu wa Idi anajua jina la bibi yake wa Muheza. Mimi huenda kwenye vikao vya wazazi kumtafsiria jirani yetu Mkongo wa Bukavu, yeye anasema "batoto", mimi "watoto", mwalimu anatusubiri kwa subira mpaka tuelewane. Lakini katika mtihani wa jimbo wa kusoma hufaulu kama theluthi moja tu ya watoto wa jiji, na hilo sitakuficha wewe unayesahihisha mitihani. Nawe ukiniambia una watoto zaidi ya mia darasani na wengine wanakaa chini, nitanyamaza. Ninachosema ni kwamba kwenu umaskini unaeleweka kuwa wa nchi nzima. Huku utajiri upo, unauona ukivuka taa.

Rukia ameomba nafasi Central, shule ya umma iliyoanzishwa mwaka 1836, ambayo huchukua watoto wenye alama nzuri, na siku hizi majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Akipata, hoja ya shemeji yako inapungua nguvu kwa Rukia, lakini Idi bado yupo darasa la nne.

Nataka kubaki, kaka. Nikiondoka, yule mama wa Bukavu atakwenda kikaoni na nani? Na kila mzazi anayejua kuuliza maswali akivuka, nani atabaki wa kuuliza? Lakini usiku nikimtazama Idi amelala naogopa nisije nikamlipisha yeye gharama ya msimamo wangu. Mtoto husoma mara moja. Ukiniambia ninakosea, wewe uliyefundisha zaidi ya miaka 20, nitafunga mizigo bila kununa.

Ongea na shemeji yako. Wewe anakuheshimu, na mimi na yeye tumeshafika mahali tunarudia maneno yaleyale. Jumapili hayuko kazini. Piga saa tatu usiku ya kwenu, huku itakuwa saa saba mchana, nitahakikisha simu iko mkononi mwake na mimi nitakuwa nimetoka na watoto, ili mzungumze kama wanaume bila mimi kudakia.

Hela ya dawa za mama nimetuma jana kwa M-Pesa ya wifi, nambie kama zimepatikana zile za presha. Nisalimie wote, na walimu wenzako.

Mdogo wako,
Zaina