Ule mwanga wa 2022 ulipita juu ya Lubumbashi pia, muandike

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Katuba. Nimesoma ile habari yenu ya ukurasa wa mwisho, kuhusu wanasayansi wanaoendelea kuchunguza mlipuko mkubwa wa miali ya gama wa 2022, yaani mwanga wenye nguvu kupita wote, mistari michache halafu basi, chini yake matokeo ya mpira. Tafadhali msiishie hapo, maana ile habari ni yetu pia na hakuna aliyetuambia.

Ilikuwa Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022. Kwa saa ya hapa ni saa tisa na dakika 17 mchana, watu wametoka kanisani, wengine wako mezani, na ule mwanga ukafika kutoka upande wa kundi la nyota la Sagitta, ambalo saa hiyo lilikuwa kwenye anga yetu kabisa, kaskazini-mashariki, ila jua linawaka na miali ya gama hata usiku jicho haliioni. Umesafiri karibu miaka bilioni 1.9 jamani! Nyota kubwa ilikufa, ikajibomokea ndani, shimo jeusi likazaliwa, lile ambalo hata mwanga hautoki ndani yake, na nguvu iliyochomoka ikaelekea huku kwetu.

Satelaiti ya Fermi ya Marekani iliuona pale pale, Swift, satelaiti nyingine yao, ikachelewa karibu saa nzima kwa sababu dunia ilikuwa imeiziba. Na miali ilikuja mingi mpaka vifaa vya Fermi vikazidiwa, kama yule kijana wa tiketi mlangoni kwenye uwanja wa TP Mazembe siku ya mechi kubwa, watu wanasukumana wote pamoja, yeye anahesabu mmoja na kumi wameshapita. Wataalamu ikabidi wakae warekebishe hesabu, wakakuta ulikuwa mkali mara 70 kuliko mwingine wowote uliowahi kuonekana, na wanakadiria wa namna hii unafika duniani mara moja kwa miaka kama 10,000. Swift nayo ikapiga picha za eksirei, unaona pete pete zinapanuka siku baada ya siku, ni vumbi la galaksi yetu linatawanya ule mwanga.

Tena haukupita bure, ulitikisa ile tabaka ya juu ya hewa inayorudisha mawimbi ya redio, vipokezi vya mawimbi marefu viliona mabadiliko, na satelaiti ya China iliyo kwenye kimo cha kilomita kama 500 ikaona kitu pia. Sisi huku chini hatukupata madhara, hewa inazuia miali hiyo.

Sasa kitu ambacho mngekiweka ukurasa wa kwanza kwa mji wa migodi kama huu wetu. Wanasayansi walitaka kujua kama milipuko hii ndiyo inapika dhahabu, wakaelekeza James Webb, darubini iliyoko angani, kule, na 2024 wakatangaza: supanova, yaani mlipuko wa nyota inayokufa, waliiona, ya kawaida tu, lakini alama ya dhahabu na metali nzito za aina hiyo hawakuikuta. Tukio la Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zilipogongana, ndilo lilionyesha metali nzito zinatengenezwa. Mtoto wa Lubumbashi anayeona malori ya madini yakipita kila siku mbona asijue watu wanatafuta hiyo dhahabu ilizaliwa wapi? Mimi naona ni haki yake.

Mkinyamaza, WhatsApp inaongea. Kila mara unarudi ule ujumbe wa kusema usiku huu miali kutoka Mars itapita karibu na dunia, zimeni telefone msilale nazo, na nimeona mama mmoja jirani anakusanya telefone za nyumba nzima anazifungia kwenye sanduku jikoni, watoto macho yamewatoka. Ni uongo, ila hana pa kusoma ukweli kwa lugha yake.

Kwa hiyo naomba, kikija kitu kingine kama hiki andikeni saa ya kwetu siyo ya London, andikeni kilikuwa upande gani wa anga yetu, satelaiti gani imekiona, na kama kuna la kuogopa au hakuna. Data za Fermi ziko wazi kwa wote, na walimu wa fizikia tunao hapa hapa, waiteni wawaandikie, hata nusu ukurasa kwa mwezi.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi