Si kila "run" ni kukimbia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema umekata tamaa na Kiingereza kwa sababu ya neno moja, "run". Ulifasiri "we ran out of time" kuwa "tulikimbia nje ya muda", ukawekewa alama ya kosa bila maelezo. Nakuomba usiache. Neno hilo limewahangaisha hata wenye lugha. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alilishughulikia kwa miezi tisa, akafikisha maana 645 za kitenzi "run" peke yake. Katika toleo la kamusi hiyo la 1989, kinara wa maana nyingi alikuwa "set".

Nami liliwahi kuniumiza. Kazini niliandika taarifa, nikaambiwa: "Run it by me first." Nikadhani inatakiwa haraka, nikaituma moja kwa moja kwa wateja. Kumbe mkubwa wangu alitaka nimwoneshe kwanza aipitie. Nilifadhaika sana siku ile, na ndipo nilipoanza kulichunguza neno lenyewe.

Katika Kiingereza cha kale lilihusu pia maji kutiririka. Ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", ana maana hiyo mpaka leo. Nilipolijua hilo niliacha kuwaza miguu, nikawaza mkondo, na mengi yakanifungukia. Mto "runs". Pua yenye mafua "runs". Nguo ikichuja, rangi yake "runs". Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, "it is running". Mwenye kuendesha biashara "runs" biashara hiyo, maana ndiye anayezuia mambo yasikwame. Kipaji kinachorithiwa "runs in the family". Sisi tunasema kimo damuni, na damu nayo hutiririka. Hapo nilifurahi kweli, kama niliyekutana na jamaa ugenini.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Mkondo wa muda umekauka: tumeishiwa na muda. Kadogo kale "out" ndiko kaliko na uzito wote. Badilisha kimkia na maana inahama: "run into" rafiki ni kukutana naye bila kutarajia, lakini "run into" ukuta ni kuugonga. Gari likim-"run over" mtu limemgonga na kumkanyaga. Mkutano uki-"run over" umepitiliza muda tu. Kwa hiyo tazama kinachofuata neno, kisha tazama nani anatenda na nini kinatendwa. Usilifasiri likiwa peke yake.

Wala usidhani ni ukorofi wa Kiingereza. Mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni kuchapa atafanya nini na kupiga simu, kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga kura, kupiga magoti, kupiga mbizi? Sisi hatutafuti kamusi, kwa kuwa tuliyasikia yakiwa mazima, kila moja na mwenzake. "Run" nayo ijifunze hivyo hivyo.

Jambo jingine linalonivutia ni uchaguzi. Mmarekani anayetaka urais "runs", Mwingereza anayetaka ubunge "stands". Mmoja anakimbia, mwenzake anasimama, na wote wanatafuta kura zile zile. Sisi tunagombea! Na methali yao "still waters run deep" usiihangaikie neno kwa neno, kwa sababu yetu ipo karibu kabisa: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nakuachia sentensi moja: "The tap is running, the battery has run down and we are running late." Ifasiri bila kutumia kukimbia hata mara moja, kisha nitumie. Ukikwama kwenye betri, fikiria tochi inayofifia.

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Wako daima,
Rafiki yako